Tumekubaliana

Nilipokuwa kidato cha kwanza mwalimu wa Kiingereza alitupa kazi ya kuandika aya moja juu ya familia. Niliandika kwamba "our mother" anauza mchele sokoni Kyela. Daftari liliporudi, "our" ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu na juu yake imeandikwa "my". Mwalimu hakuishia hapo. Aliisoma sentensi yangu mbele ya darasa, kisha akaniuliza, "Mko wangapi humo ndani ya shati?" Nilidhani anauliza kweli. Nikahesabu haraka, nikasimama, nikajibu, "Sita, mwalimu." Darasa lilicheka mpaka kengele ikalia.

Sita ndiyo idadi ya watoto wa mama. Sikuwa natania.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza, Mbeya mjini, na kalamu nyekundu iko mfukoni mwangu. Kila mwaka wanakuja watoto kutoka Kyela, Busokelo, Rungwe na Ileje, na kila mwaka wananiletea "our mother" na "our home". Nakata. Nawaeleza kwamba Mwingereza akimtaja mama yake mbele ya mtu baki husema wangu, hata kama wamezaliwa kumi, kwa sababu yeye anahesabu mdomo unaosema. Sisi tunahesabu walionyonya. Lakini mtihani wa taifa hauulizi hayo, kwa hiyo nakata.

Kuna sentensi nyingine inayonipa tabu zaidi, ile ya "everyone". Kila mtu alete kitabu chake. Kwa Kiswahili imekwisha: chake ni cha mvulana na ni cha msichana, hakuna wa kununa. Kiingereza hakina "chake" ya namna hiyo. Vitabu vya zamani vya sarufi vilitaka "his", yaani cha mwanamume, na wasichana wajihesabu humo humo. Bunge la Uingereza liliweka jambo hilo kwenye sheria mwaka 1850: maneno ya kiume katika sheria yachukuliwe kuwa yanawajumuisha wanawake. Sheria yetu ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ina kifungu cha ukoo huo huo, na inaongeza kwamba umoja hujumuisha wingi na wingi hujumuisha umoja. Watu wa kawaida wa Uingereza hawakungoja Bunge. Tangu enzi za Chaucer, karne ya 14, walikuwa wakisema "their", cha wao, hata kwa mtu mmoja, na bado wanasema; mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster iliitangaza "they" kuwa neno la mwaka. Nilipomaliza kueleza haya yote, msichana mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono. "Kwa hiyo mwalimu, kwenye hiyo 'his' wanawake walikuwamo, au waliambiwa tu kwamba wamo?"

Nilimwambia ni swali zuri. Mwalimu akisema ni swali zuri, ujue hana jibu.

Ukiniuliza kwetu ni wapi, nitasema Ipyana. Nimepanga vyumba viwili Mbeya, kodi nalipa mwenyewe, godoro na jiko la gesi nimenunua mwenyewe, na bado hapo ni kwangu tu. Kwetu ni pale ambapo sijalipia hata msumari. Kwa mwanamke aliyeolewa hesabu ni ngumu zaidi. Nyumba aliyoingia inaitwa kwake, na wageni wanakaribishwa kwake, lakini siku akisema "nakwenda kwetu" kila jirani anaelewa kwamba anarudi kwa wazazi wake, na pengine kuna ugomvi. Mama yangu alizaliwa Matema, kule milima ya Livingstone inakoshuka hadi ziwani, akaolewa Ipyana, akakaa miaka 31. Miaka yote hiyo kwetu yake ilikuwa Matema na kwetu yangu ilikuwa Ipyana. Tulilala nyumba moja.

Kinyakyusa, lugha ya nyumbani, kina jambo jingine ambalo Kiswahili sanifu hakina. Mtoto mwenzio unamsalimu asubuhi kwa "ugonile", umelala salama, ya umoja. Mzazi, mkwe, mzee yeyote unamwambia "mugonile", ya wingi, hata kama amesimama peke yake mlangoni. Ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, ni vivyo hivyo. Ukisikia mtu anaulizwa "muli bwanji" usigeuke kutafuta wenzake. Wafaransa wana "vous" yao. Bibi yangu, mzaa baba, alipolazimika kusema Kiswahili aliubeba wingi huo kama ulivyo: "Baba yenu wamekuja," "Mwalimu wamekasirika." Tulimcheka, tukamwambia baba ni mmoja. Alisema, "Huyo hajaja peke yake."

Kiingereza nacho kilikuwa na wewe ya umoja, "thou". "You" ilikuwa ya wingi, ikawa ya heshima, halafu ikamwangukia kila mtu mpaka haikubaki heshima yoyote ndani yake. Katika karne ya 17 George Fox na wafuasi wake, Marafiki, wale wanaoitwa Quaker na ambao leo wamejaa magharibi ya Kenya, walikataa kumpa mtu yeyote wingi wa heshima. Hakimu, tajiri, mkulima, wote "thou", kwa sababu mbele ya Mungu kila mtu ni mmoja. Walipigwa kwa ajili ya ukaidi wa namna hiyo, na wengine walifungwa. Hapa tulijaribu kitu kinachofanana baada ya Azimio la Arusha la 1967, pale "ndugu" ilipotakiwa kumtosha waziri na mkulima. Bibi hakumwita mtu ndugu. Alimwita kila mtu kwa wingi, hata balozi wa nyumba kumi ambaye alikuwa na umri wa mwanawe wa mwisho.

Nilikulia katika heshima hiyo na sikuwahi kuitilia shaka. Nilidhani mtu anayeitwa wengi anahesabiwa kuwa wengi.

Baba alifariki mwaka juzi, msimu wa mvua, wakati njia za Ipyana ni tope na maji ya mto yako karibu na migomba. Siku tano za msiba sikutoa hata shilingi mia. Vijana walichimba kaburi bila kuitwa. Mchele ulikuja kwa ndoo na kwa mifuko, hakuna aliyeandika nani kaleta kiasi gani, au kama aliandika sikuona. Turubai lilitoka kanisani, sufuria zilitoka kila nyumba, na wanawake walilala ukumbini na mama wakiwa wamemzunguka. Nataka hili likumbukwe katika yote nitakayosema baadaye. Mtu yeyote anayeishi mjini na kulilia uhuru wake, ajaribu kumzika baba yake kwa "mimi" peke yake.

Baada ya msiba kikaitwa kikao cha ukoo. Mahakama ya Mwanzo, kabla haijateua msimamizi wa mirathi, huomba muhtasari wa kikao hicho, na muhtasari unataka mwandishi. Baba mkubwa alinitazama. "Wewe si ndiye msomi wetu?" Nikachukua daftari. Nilifurahi, nikiri. Nilikuwa na umri wa miaka 27 na nilikuwa nimepewa kazi ya wakubwa.

Tulikaa chini ya mwembe, watu 14. Mama aliketi kwenye mkeka karibu na mlango. Kuhusu msimamizi hapakuwa na mjadala, baba mkubwa alipendekezwa na akakubali. Kisha mali: nyumba, shamba la mpunga bondeni, ng'ombe wawili, na ekari mbili za kokoa. Kokoa ndiyo fedha ya Kyela siku hizi. Mpunga unakula, kokoa unauza. Baba mdogo alisema shamba la kokoa liko kwenye ardhi ya babu, kwa hiyo ni letu sote, na kwamba yeye yuko karibu, anaweza kulisimamia kwa niaba ya ukoo, mjane akawa anatunzwa kutokana na mavuno. Sauti mbili tatu zilisema ndiyo. Wengine waliguna ule mguno ambao Ipyana unaweza kuwa ndiyo, unaweza kuwa hapana, na unaweza kuwa nina njaa. Mama alisema, "Nilitaka kuongea juu ya hiyo kokoa." Baba mkubwa akamjibu kwa heshima zote, kwa wingi, "Tutafika huko, mama. Vumilieni kidogo."

Hatukufika huko. Mvua ilianza, watu wakainuka na viti vyao.

Niliandika usiku huo kwa mwandiko wangu mzuri. Chini ya Waliohudhuria, namba 14, niliandika "Mjane wa marehemu". Wengine 13 niliwaandika majina matatu matatu. Kwenye ajenda ya mali niliandika: "Tumekubaliana kwamba shamba letu la kokoa libaki mali ya ukoo." Kwenye ajenda ya mwisho, Mengineyo, niliandika: "Hakuna."

Mama alisoma mpaka darasa la saba na anasoma vizuri, ila miwani yake ilikuwa imepotea kwenye msiba. Aliniomba nimsomee. Tulikuwa tunaongea Kinyakyusa. Nayaandika haya kwa Kiswahili, lakini wingi nauacha mahali ulipokuwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Hapo unaposema tumekubaliana, umeniweka?"

"Mmo, mama. Namba 14."

"Sikuulizi kama nilihudhuria."

Nilinyamaza. Akaendelea, bila kupandisha sauti, kwamba miche ile ya kokoa ameibeba yeye kichwani, mwaka ambao nilikuwa darasa la pili, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa namwagilia kwa kopo la maziwa. Baba alilima mashimo. Babu alikuwa ameshafariki. Ardhi ilikuwa yake, lakini kokoa hakuwahi kuiona. "Sasa hiyo letu," alisema, "ni ya nani?"

Tangu usiku ule nimefikiri juu ya neno sisi kuliko neno lolote nililowahi kufundisha. Kiswahili kina sisi moja tu. Kiingereza kina "we" moja tu. Lakini ziko lugha zenye mbili. Wamalay na Waindonesia wanasema "kita" ikiwa wewe ninayekuambia umo, na "kami" ikiwa haumo. Tok Pisin, ile lugha ya Papua New Guinea iliyojengwa kwa vipande vya Kiingereza, iliona Kiingereza kina upungufu ikajitengenezea zake: "yumi" ni mimi pamoja na wewe, "mipela" ni mimi na wenzangu, wewe kando. Kama ningekuwa naandika muhtasari wangu kwa lugha hizo, kalamu ingesimama. Ningelazimika kuamua, pale pale kwenye mkeka, mama ni wa "kita" au wa "kami". Kiswahili hakikunilazimisha. Kiliniruhusu kumtoa mama shambani bila mimi mwenyewe kujua kwamba namtoa, na bila baba mdogo kulazimika kusema kwa kinywa chake, "wewe haumo."

Siilaumu lugha. Ningeweza kuuliza.

Kati ya 1934 na 1938 Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti Unyakyusa, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu alichokiita Good Company. Alieleza vijiji vya rika: wavulana wa umri mmoja walitoka kwa wazazi, wakajenga pamoja, wakala pamoja, wakaoa na kuzeeka pamoja. Anasisitiza neno "ukwangala", raha na wema wa kukaa na wenzako, ambalo wazee wetu waliliona kuwa ndiyo adabu yenyewe. Anaeleza pia kitu ambacho bibi alikuwa akikitaja kwa sauti ya chini: pumzi ya watu. Majirani wakinung'unika juu ya mkosaji, baridi ya manung'uniko yao humwingia mwilini akaugua. Hakuna mtu mmoja aliyemroga. Ni wao, wote. Zamani watu waliona hiyo ni haki, ndiyo iliyowafanya wakubwa wasile peke yao. Lakini nani wa kuiuliza pumzi, kama imekosea? Wakati nalisoma hilo nilikumbuka ule mguno chini ya mwembe.

Nilisoma na sheria, kwa sababu nilitaka kujua kama mama anadai kitu au anahuzunika tu. Kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, Tangazo Na. 436, zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Kisha zinaongeza kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Niliisoma sehemu hiyo mara tatu. Fungu lake ni mimi. Kwa mila iliyoandikwa, kitu pekee ambacho mama aliachiwa baada ya miaka 31 ni huyu mtoto aliyeandika "Mengineyo: hakuna."

Upande wa pili iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayosema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili kwa kiasi hicho. Na iko hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, iliyotamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hiyo ilikuwa ya talaka, si ya kifo, na Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, maana mahakama iliona alishapewa fungu lake akalitumia vibaya. Mtu anashinda hoja kwa ajili ya wanawake wa nchi nzima, anarudi nyumbani mikono mitupu. Hata hivyo hukumu ilifanya jambo ambalo mimi sikulifanya: iliifungua "yetu" ya ndoa ikaangalia ndani kuna mikono ya nani.

Nikarudi Ipyana mwisho wa mwezi nikiwa na silaha. Niliandika barua kwa niaba ya mama kwenda kwa msimamizi. Ilianza: "Shamba la kokoa ni langu." Nilikuwa najivunia ile "langu". Nilihisi nimemtoa mama kwenye ukungu nikamweka juani.

Akaikataa.

"Hili si langu," alisema. "Nilimuoa baba yako?" Hapo alicheka kidogo, maana kwa lugha yetu mwanamke haoi. "Nililima naye. Wewe ulimwagilia. Dada yako ndiye aliyekuwa anaanika mbegu. Nikisema langu, nitakuwa nimesema kama baba yako mdogo, tofauti ni kwamba mimi niko peke yangu."

"Sasa mnataka niandike nini, mama?"

"Andika letu. Halafu taja."

Mwalimu wa lugha niliyekaa miaka mitano nikikata "our" na kuweka "my" sikuwa nimeliona hilo. Mimi nilidhani kuna njia mbili: ama mtu anazama kwenye wingi, ama anajitoa anasimama peke yake kwa umoja wake, kama Marafiki mbele ya hakimu. Mama hakutaka kutoka. Alitaka wingi wenye orodha. Walionyonya walikuwa sita na nilipoulizwa nilijibu sita. Pengine ndiyo sababu sentensi yangu ya kidato cha kwanza haikuwa uongo, hata kama mwalimu alikuwa sahihi kuikata.

Kikao cha pili niliomba mwenyewe, na niliomba kwa kupiga magoti, maana mtoto haitishi kikao. Nilileta muhtasari mpya. Humo hapakuwa na tumekubaliana hata moja. Palikuwa na fulani alipendekeza, fulani aliunga mkono, fulani hakusema. Mama nilimwandika majina yake matatu, na chini yake maneno aliyotaka kuyasema siku ile ya mvua: nani alibeba miche, nani alichimba, nani alimwagilia, na kwamba anaomba shamba liandikwe kwa majina ya mjane na watoto wake sita.

Baba mkubwa alisoma kwa muda mrefu. "Umetuandika kama polisi," alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni, na huzuni yake iliniumiza zaidi. Baba mdogo alisema, "Mimi sikusema hivyo. Tulisema." Nilimwuliza nani mwingine alisema. Aliangalia watu. Ule mguno haukutokea. Kila mmoja alikuwa anatazama miguu yake, na niliona jambo ambalo sikulitegemea, kwamba nao walikuwa wamejificha ndani ya sisi kama mama alivyofichwa. Shangazi yangu, mkubwa kuliko wote pale, ndiye aliyevunja kimya. Alisema yeye siku ile aliguna kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma.

Watu walicheka. Baba mdogo hakucheka, akainuka, akaondoka.

Ningependa kumchora baba mdogo kama mwizi, ingenirahisishia. Lakini nilipofaulu kwenda kidato cha tano na ada ikakosekana, ni yeye aliyeuza ng'ombe. Hakuniambia "nimekusomesha". Alikwenda sokoni akawaambia watu, "Mtoto wetu amefaulu." Ile yetu ndiyo iliyonivusha, na sikumwuliza siku ile nani yumo na nani hayumo. Anapoliita shamba la kokoa letu, sidhani kama anasikia tofauti na alivyoniita mimi. Kwake ni neno lile lile. Mimi ni mali ya ukoo kwa mantiki ile ile ambayo shamba ni mali ya ukoo, na nimetumia elimu niliyolipiwa na ukoo kulitoa shamba mikononi mwake. Ukisema hiyo ni haki, nakubali. Bado sijajua niiite nini upande wangu.

Kuna usiku nafikiri kwamba dawa niliyotumia ina sumu yake. Msiba mwingine ukitokea Ipyana, na utatokea, je, mtu ataleta mchele bila kuandika jina kwenye ndoo? Mama anasema nawaza sana. Anasema mchele na shamba ni vitu viwili: mchele unaliwa ukaisha, hakuna anayeondoka na sufuria. Yeye alipeleka mchele msiba wa jirani wiki mbili baada ya kikao, hakutaja jina, na hakuna aliyemuuliza.

Darasani bado nakata "our mother". Ila siku hizi, kabla ya kukata, namuuliza mtoto wamezaliwa wangapi, na namba yake naiandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Wakaguzi wakija sijui nitawaeleza nini.

Muhtasari mpya una saini 13. Mama alitia yake ya kwanza, kwa wino wa bluu, majina yote matatu, polepole. Karani wa mahakama alisema tunaweza kuendelea na hizo, mama akasema tungoje. Baba mdogo anapita mbele ya nyumba kila asubuhi akienda bondeni. Anasimama kwenye mgomba wa kwanza, haingii ndani, anamwambia shemeji yake "mugonile", kwa wingi kama siku zote. Mama anaitikia "ndaga". Siku nyingine anampelekea mbalaga kwenye bakuli lenye kifuniko, na bakuli hurudi limeoshwa.

Wiki iliyopita alinipigia simu, baba mdogo. Aliuliza kuhusu kazi, kuhusu mvua Mbeya, kuhusu bei ya saruji. Halafu akauliza, pale kwenye ajenda ya mali, jina lake nimeliandika vipi. Nikamsomea. Alinyamaza kidogo, akasema nimeruka jina la katikati, lile la babu.

Nilimwambia nitaliongeza. "Sawa," alisema. "Mkifika mtaniita."

Nilikuwa peke yangu chumbani.